Kibali cha Mtu na Kibali cha Gari: Somo kwa Wakazi wa Nakivale, Mbarara na Mipaka Jirani

Lengo la somo

Somo hili linahusu chombo cha moto chenye namba za nchi nyingine, kiwe gari au pikipiki, ambacho mwenyewe anaishi Uganda na kila baada ya muda hulazimika kuhuisha kibali chake cha ukaazi au hati zake za ukimbizi. Tunatarajia kwamba atakayelisoma hadi mwisho ataweza kufanya mambo matatu: kutofautisha hati za mtu na hati za gari, kupanga tarehe za hati hizo ili moja isiiangushe nyingine, na kujua ofisi ya kuiendea kabla tarehe haijapita. Kwa ndugu zetu wakimbizi limo pia onyo moja ambalo tunaomba lisomwe kwa makini kuliko yote, kwa kuwa linahusu usalama wa mtu mwenyewe, wala si mali yake tu.

Mahali tunapoishi ndipo palipotupa somo hili. Wilaya ya Isingiro inapakana na Tanzania kwenye Mto Kagera, na kituo cha Kikagati kinatazamana na Murongo ng'ambo ya mto. Kutoka Mbarara ziko njia za Mirama Hills na Katuna zinazoelekea Rwanda. Mbele zaidi, Kisoro, iko Bunagana, mlango wa Kongo. Na upande wa mashariki iko Mutukula, njia kuu ya Bukoba. Ndani ya Isingiro yako makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda, na ambayo leo yamekusanya watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Katika nchi ya namna hii, gari lenye kibao cha namba cha kigeni si ajabu, wala si kosa kwa lenyewe. Kosa huzaliwa pale muda wa gari unapokwisha huku mwenyewe akiamini kwamba karatasi aliyo nayo mfukoni yamtosha yeye na gari lake.

Sehemu ya kwanza: Kalenda tatu, si moja

Msingi wa somo lote ni huu: mtu ana kalenda yake, gari lina kalenda yake, na safari barabarani ina kalenda yake. Kila kalenda hutunzwa na ofisi tofauti, na hakuna ofisi hata moja kati ya hizo iliyo na mamlaka ya kusogeza tarehe ya mwenzake.

Kalenda ya mtu. Kwa raia wa kigeni asiye mkimbizi, kalenda hii hutunzwa na Kurugenzi ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ndiyo inayotoa vibali vya kazi, vyeti vya ukaazi na pasi za wategemezi. Kwa mkimbizi, kalenda hutunzwa na Idara ya Wakimbizi katika Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010. Hapa zinaingia kitambulisho cha mkimbizi, cheti cha uthibitisho wa kaya, na hati ya kusafiria ya mkimbizi kwa mwenye kuihitaji.

Kalenda ya gari. Hii iko mikononi mwa forodha, yaani Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Gari lililosajiliwa nje na kuingia nchini bila kulipiwa kodi huwa limeingia kwa muda tu. Sheria inayotawala jambo hili si ya Uganda peke yake; ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Inaeleza kwamba bidhaa iliyoingizwa kwa matumizi ya muda husamehewa ushuru kwa sharti kwamba Kamishna ameruhusu, kwamba itatolewa tena nchini, na kwamba muda wake hauzidi miezi 12.

Kalenda ya barabara. Hapa tunaweka bima, leseni ya dereva na ubora wa gari lenyewe. Bima ya mtu wa tatu iliyokatwa Goma, Kigali au Bukoba haivuki mpaka kwa nguvu yake yenyewe. Kinachoivusha ni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hukubaliwa Uganda, Kenya, Rwanda, Burundi, Kongo, na hata Tanzania ingawa si mwanachama wa COMESA. Kadi hiyo nayo ina tarehe yake ya mwisho, na huorodhesha nchi inamofanya kazi. Msomaji aisome yote, asitosheke kutazama rangi yake.

Tukizitazama kalenda hizi tatu kwa pamoja, tunaona kwa nini watu wema hunaswa. Raia wa nchi mwanachama wa Jumuiya huweza kupewa mpakani ruhusa ya kukaa hadi miezi 6. Anapoona muhuri huo katika pasipoti yake, hudhani kwamba na gari lake limepewa miezi 6. Sivyo. Muda wa gari ni ule ulioandikwa kwenye kibali cha kuliingiza, nao waweza kuwa mfupi zaidi. Wazee wetu walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sehemu ya pili: Tofauti kubwa ambayo wengi hawaioni

Kibali cha ukaazi kinaweza kuhuishwa, na mwakani kikahuishwa tena, maadamu mwenyewe anatimiza masharti. Hadhi ya mkimbizi hudumu maadamu sababu zilizomkimbiza zingalipo. Gari halina fadhila hiyo. Kuliongezea muda kunawezekana kwa maombi, lakini lipo dari ambalo halivukwi: miezi 12. Mtu anayekusudia kuishi Mbarara miaka mitano hawezi kuliweka gari lake katika hali ya mgeni kwa miaka mitano. Mapema au baadaye itampasa achague moja kati ya mambo mawili: alirudishe gari lilikotoka, au alilipie kodi na kulisajili Uganda.

Katika muda huo wa ugeni, gari lina masharti yake. Haliuzwi, halikodishwi, wala halibebi abiria kwa nauli. Kibali hutolewa kwa mtu fulani, kwa gari fulani na kwa kusudi fulani. Kwa hiyo anayenunua sokoni pikipiki yenye namba za nje, kwa karatasi ya makubaliano iliyoandikwa juu ya goti, hanunui umiliki. Ananunua deni la kodi la mtu mwingine, na huenda ananunua mali ya wizi. Chombo kikikamatwa, muuzaji atakuwa amekwisha kuondoka, na fedha za mnunuzi zitakuwa zimekwenda naye. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu pikipiki ndiyo miguu ya Nakivale: hubeba mama mjamzito, mahindi ya sokoni na mtoto wa shule. Kaya inayopoteza pikipiki hupoteza na chakula cha jioni.

Gari likipitisha muda bila ruhusa, forodha inayo mamlaka ya kulizuia, kudai kodi yake, na hata kulitaifisha. Ukaazi halali wa mwenyewe hauondoi mamlaka hayo.

Sehemu ya tatu: Kupanga tarehe wakati wa kuhuisha ukaazi

Tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya somo. Mfanyabiashara wa kahawa kutoka Kyerwa, Tanzania, anaishi Mbarara kwa kibali. Kibali chake kinakwisha tarehe 31 Machi. Kibali cha gari lake kinakwisha tarehe 15 Februari. Kadi yake ya Njano inakwisha tarehe 28 Februari.

Njia ya kwanza ni hii. Mfanyabiashara anaitazama tarehe ya Machi peke yake. Mwanzoni mwa Machi anawasilisha maombi ya kuhuisha kibali, anapewa stakabadhi, na anatembea kwa amani. Tarehe 20 Machi anasimamishwa kwenye barabara ya Mbarara na Kikagati. Anatoa stakabadhi ya uhamiaji. Askari anaisoma na kumweleza ukweli wenye uchungu: stakabadhi hii ni njema kwako, ndugu, lakini gari lako limekuwa bila kibali kwa zaidi ya mwezi, na bima yako imekufa kwa takriban wiki tatu. Mtu huyu hakukusudia kuvunja sheria. Alifuata kalenda moja kati ya tatu.

Njia ya pili ni ya mtu mwenye daftari. Katika juma la kwanza la Januari anaandika tarehe zote tatu katika ukurasa mmoja, na kuanza kazi na ile inayokwisha kwanza huku akiikumbuka ile inayozibeba nyingine. Anafuata hatua hizi:

1. Kabla ya kupeleka pasipoti popote, anatoa nakala za ukurasa wa picha, wa muhuri wa kuingia na wa kibali, na kuzithibitisha kwa wakili. Sababu ni rahisi: pasipoti ikiwa mikononi mwa uhamiaji, hatakuwa na cha kuonyesha forodha wala barabarani.

2. Anawasilisha mapema maombi ya kuhuisha ukaazi. Maombi haya huanzia mtandaoni, na akikwama anaweza kuuliza katika ofisi ya uhamiaji iliyopo Mbarara. Anahifadhi uthibitisho wa maombi na wa malipo, wa karatasi na wa simu.

3. Akiwa na kibali kinachoishi bado pamoja na ushahidi wa maombi mapya, anakwenda ofisi ya forodha kuomba nyongeza ya muda wa gari, kabla ya tarehe 15 Februari. Afisa wa forodha ana haki ya kuuliza mwenye gari ataishi nchini hadi lini; ndiyo maana hatua ya pili hutangulia ya tatu.

4. Anakata Kadi ya Njano mpya ianzie siku ile ya zamani inapokoma, isiache pengo hata la siku moja.

5. Anahesabu miezi tangu gari lilipoingia nchini. Ikiwa imefika 9 au 10, haombi nyongeza kwa mazoea, bali anaanza kuamua kama atalirudisha Kyerwa au atalisajili.

Linganisha njia hizi mbili. Mtu ni yule yule, gari ni lile lile, sheria ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba wa pili alianza wiki sita kabla. Wiki sita ndizo tunazopendekeza kwa kila msomaji, kwa sababu zinaacha nafasi ya karatasi inayokosekana, ya mtandao uliokatika na ya sikukuu.

Hapa tuongeze neno kuhusu vishoka, yaani watu wanaojiita mawakala na kusema wanaweza kupata muhuri wa mpakani bila gari kufika mpakani. Muhuri wa namna hiyo ni wa kughushi. Aliyekuwa na kosa la kuchelewa tu huondoka kwa kishoka akiwa na kosa la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Wakala halali wa forodha ana leseni, ana ofisi, na hutoa risiti ya Mamlaka ya Mapato yenye namba inayoweza kuhakikiwa.

Sehemu ya nne: Onyo kwa wakimbizi

Miongoni mwa wenye magari ya kigeni yapo mazoea ya kuvuka mpaka na kurudi siku hiyo hiyo ili gari lipate kibali kipya. Mfanyabiashara mwenye pasipoti hupoteza mafuta na siku moja. Mkimbizi aweza kupoteza zaidi ya hapo.

Uganda iliridhia Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi mnamo 1976. Mkataba huo unaeleza hali ambazo ulinzi wa mkimbizi hukoma, na mojawapo ni pale anaporudi kwa hiari yake kujiweka tena chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia. Hatusemi kwamba kila aliyevuka mpaka mara moja amepoteza hadhi yake. Uamuzi huo una taratibu zake na haufanywi na askari wa barabarani. Tunasema kwamba muhuri wa kuingia katika nchi uliyosema huwezi kuishi ndani yake huzaa swali gumu siku ya uhakiki, na kwamba hatari iliyokufukuza huenda ingali inakungoja upande ule. Gari halistahili bei hiyo.

Wako wanaoshauriana kuvuka kwenda nchi ya tatu, kwa mfano Mkongomani apitie Kikagati kuingia Tanzania. Mkimbizi asiye na hati ya kusafiria atakuwa ameingia huko bila idhini, na kurudi kwake kutakuwa na mashaka. Kitambulisho cha mkimbizi humtambulisha mtu ndani ya Uganda, si pasipoti.

Basi mkimbizi aliyeingia na gari afanye nini? Kwanza atenganishe mambo mawili ambayo kilio cha safari huyachanganya. Mkataba wa 1951 unazitaka nchi zisimwadhibu mkimbizi kwa sababu tu ameingia bila kibali akikimbia hatari, maadamu anajitokeza bila kukawia. Ngao hiyo humkinga mtu, haimkingi gari. Aliyekimbia Rutshuru usiku kwa gari la familia, akapita mahali pasipo na ofisi ya forodha, amepokewa kwa haki katika makazi. Lakini gari lake bado halijaingia nchini kisheria. Vivyo hivyo, Mkataba unasema mkimbizi asitozwe kodi zaidi ya raia katika hali inayofanana. Hausemi asitozwe kabisa. Mkimbizi na Mganda husimama sawa mbele ya dirisha la forodha.

Kwa hiyo tunashauri mpangilio huu. Mkimbizi aanzie ofisi ya komandanti wa makazi, Base Camp, aeleze gari lilivyoingia na aombe barua ya utambulisho kwenda forodha. Aende forodha mwenyewe kabla hajakamatwa. Sheria ya forodha ya Jumuiya inampa Kamishna uwezo wa kumaliza kosa bila kulifikisha mahakamani pale mhusika anapokiri kwa maandishi na kukubali masharti. Ni vigumu kuomba rehema hiyo baada ya kufukuzwa na kunaswa. Kama ana shaka kuhusu maneno atakayotia saini, atafute msaada wa kisheria. Mradi wa Sheria ya Wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere una ofisi Mbarara, na huhudumia wakimbizi.

Ikiwa gari lapaswa kurudishwa nje, si lazima mkimbizi alirudishe kwa mikono yake. Ndugu au dereva asiye mkimbizi, mwenye hati zake za kusafiria, anaweza kulivusha kwa idhini ya maandishi iliyothibitishwa na wakili na kwa ufahamu wa forodha. Mwenyewe abaki salama upande huu, na ahakikishe amepata uthibitisho kwamba gari limeandikwa kuwa limetoka. Gari lililotoka bila kuandikwa huendelea kudaiwa kana kwamba liko.

Sehemu ya tano: Kulisajili gari Uganda

Anayechagua kubaki na gari ajue mambo manne kabla hajatoa fedha.

La kwanza ni umri. Tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotimiza miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Yako magari mengi ya Kongo na Burundi ambayo yamevuka umri huo. Mwenye gari la namna hiyo asilipe wakala hata shilingi moja kwa ahadi ya kulisajili.

La pili ni kodi. Hesabu yake ina ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na tozo nyingine zinazopanda kadiri gari linavyozeeka. Msomaji aombe makadirio ya maandishi kabla ya kuamua. Wakati mwingine makadirio huonyesha kwamba kodi inakaribia thamani ya gari lenyewe, na kulirudisha ndiyo busara. Sheria ya forodha inayo pia nafuu kwa mtu anayehamisha makazi yake, na mojawapo ya masharti yake ni kuwa amelimiliki na kulitumia gari yeye mwenyewe nje ya nchi kwa muda usiopungua miezi 12. Anayedhani anastahili aulize mapema na aje na ushahidi.

La tatu ni usukani. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia. Uganda, Kenya na Tanzania upande wa kushoto. Gari lenye usukani wa kushoto linalokusudiwa kukaa nchini lahitaji kuulizwa kabla ya kulipiwa. Na hata linapokuwa halali kwa muda, dereva wake huona vibaya anapotaka kulipita lori, hasa katika milima na kona. Ajizuie kupita magari mengine pale asipoona mbele.

La nne ni ushahidi wa umiliki. Kadi ya gari, ambayo wengi hapa huiita logibuku, ndiyo mzizi. Aliyeipoteza katika kukimbia aeleze hivyo wazi na akusanye alichonacho: risiti, bima ya zamani, namba ya chasisi. Gari hukaguliwa kama limeripotiwa kuibwa katika nchi jirani, kwani polisi wa nchi hizi hupashana habari kupitia Interpol. Ukaguzi huo si tuhuma. Humlinda hata mwenye gari halali.

Sehemu ya sita: Unaposimamishwa barabarani

Askari wa usalama barabarani hufanya kazi chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998 na marekebisho yake. Kwa gari la kigeni anaweza kukuomba leseni, kibali cha gari kuingia nchini, bima, kadi ya gari na kitambulisho chako. Ikiwa gari si lako, anaweza kuomba idhini ya mwenyewe. Nakala halisi au zilizothibitishwa zikae ndani ya bahasha moja katika gari, na nakala nyingine zibaki nyumbani.

Raia na mkimbizi, wote wawili wana haki ya kuelezwa kosa lao. Faini halali huandikwa kwenye karatasi na kulipwa kwa njia rasmi ya malipo. Hailipwi mkononi kando ya barabara. Gari likizuiwa, omba maandishi yanayoonyesha kituo lilipopelekwa, hali yake na vitu vilivyomo. Suala la kodi ni la forodha. Askari anaweza kulizuia gari na kulikabidhi huko, lakini si yeye anayepanga kodi. Anayekuomba umpe kitu kidogo ili akuachie hakusaidii: gari lako litakuwa haramu vile vile kesho asubuhi, kwenye kizuizi kinachofuata. Mweleze afisa uhusiano wa polisi na jamii, au peleka malalamiko katika kitengo cha polisi kinachosimamia viwango vya kitaaluma. Namba za bure za polisi ni 999 na 112.

Nasi tunaomba jambo moja kwa upande wetu. Usikimbie kizuizi. Karatasi iliyochelewa ina njia ya kutengenezwa. Mtoto aliyegongwa na pikipiki inayokimbia askari hana.

Maswali ya kujipima

Tunashauri maswali haya yasomwe kwa sauti katika mikutano ya vijiji vya makazi na ya kata, kisha kila mtu ajibu kabla jibu halijasomwa.

Swali: Kitambulisho changu cha mkimbizi kimehuishwa wiki iliyopita. Je, gari langu la namba za Kongo limehuishwa?
Jibu: La. Ofisi ya Waziri Mkuu hutunza kalenda ya mtu. Gari lina tarehe yake forodha.

Swali: Jirani ananiuzia pikipiki yenye namba za Rwanda kwa bei nafuu, na anasema kibali bado kina mwezi mmoja. Ninunue?
Jibu: Usinunue. Chombo kilichoingia kwa muda hakiuzwi mpaka kodi yake imelipwa na umiliki umehamishwa kisheria.

Swali: Nina stakabadhi ya maombi ya ukaazi, na pasipoti iko uhamiaji. Kibali cha gari kinakwisha keshokutwa. Nifanye nini?
Jibu: Nenda forodha leo, ukiwa na stakabadhi na nakala zilizothibitishwa, uombe nyongeza. Ukishindwa kuipata kabla ya tarehe hiyo, liegeshe gari na usiliendeshe mpaka jambo limekwisha.

Swali: Rafiki ananishauri mimi mkimbizi nivuke Bunagana asubuhi na kurudi jioni ili gari lipate kibali kipya.
Jibu: Kataa. Mpe gari mtu asiye mkimbizi, kwa idhini ya maandishi, au nenda forodha uzungumze. Hadhi yako na uhai wako si rehani ya gari.

Swali: Gari langu limefikisha mwezi wa 11 nchini. Naweza kuomba nyongeza ya miezi 6?
Jibu: Dari ni miezi 12. Mwezi uliobaki utumie kulirudisha au kulipia kodi, wala si kutafuta mtu wa kukudanganya.

Kazi ya nyumbani

Chukua karatasi moja. Andika juu yake tarehe nne: ya kibali au hati yako, ya kibali cha gari, ya bima, na siku gari lilipoingia Uganda. Mbele ya kila moja ya tarehe tatu za kwanza andika siku iliyo wiki sita kabla yake. Mbele ya ile ya nne andika siku itakayotimiza mwezi wa 10. Ibandike karatasi hiyo ukutani mahali mkeo au mumeo na watoto wanapoiona, ili hata usipokuwepo awepo wa kukumbuka. Anayeshindwa kuandika aombe msaada wa kuijaza.